Kuvua na kuwinda kaskazini mwa Minnesota: Leech Lake, Red Lake, Mille Lacs au Boundary Waters?

Mei ikikaribia, simu huanza kupigwa miongoni mwa Wakenya, Watanzania, Wakongo na Wasomali wa Minneapolis na Brooklyn Park: mwaka huu tunavua wapi? Katikati ya mwezi huo hufunguliwa msimu wa ogaa, yule samaki wa macho yanayong'aa gizani ambaye mabango ya barabarani humtangaza kwa jina la walleye. Nyama yake ni nyeupe, miba yake michache, na ndiye anayewaamsha watu saa tisa usiku wafunge boti nyuma ya gari. Ushauri unaotolewa karibu kila mara ni kwenda penye samaki wengi. Mimi ningeanzia kwingine. Huko kaskazini maziwa mawili yaliyopakana yanaweza kuwa chini ya sheria mbili, na ziwa moja likawa na mpaka katikati ya maji. Ukishajua utakuwa mgeni wa nani, habari ya samaki ni rahisi.

Tukisikia "ardhi ya umma" tunadhani ni mali ya serikali, basi. Sivyo. Waojibwe, ambao nyaraka za serikali huwaita Wachippewa, waliiachia Marekani misitu hiyo kwa mikataba ya 1837, 1842, 1854 na 1855. Lakini katika mkataba wa 1837 walisema wazi kwamba wataendelea kuwinda, kuvua na kuvuna mpunga-mwitu katika ardhi waliyoiachia, na haki ya kuwinda na kuvua ikaandikwa tena katika mikataba ya 1842 na 1854. Haki hiyo hawakupewa na mtu. Walikuwa nayo kabla ya mkataba, na walipouza ardhi hawakuiuza. Aliyefuatilia kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau, iliyoamuliwa na mahakama ya Afrika kule Arusha mwaka 2017, hatahitaji maelezo marefu hapa.

Kwa hiyo mgeni hukutana na aina mbili za mahali. Kuna ardhi ya kabila yenyewe, ambako kabila ndilo lenye nyumba. Na kuna ardhi iliyoachiwa kwa mkataba, ambayo leo ni misitu ya taifa, ya jimbo na ya kaunti, ambako wewe na Muojibwe mnaweza kuvua ziwa moja siku moja, wewe kwa leseni ya jimbo, yeye kwa kanuni za kabila lake. Ukimwona anatumia wavu au mkuki ambao wewe ungekamatwa nao, havunji sheria, na kumsumbua ndilo kosa.

Leech Lake: pa kuanzia

Kwa familia inayokwenda mara ya kwanza, jibu langu ni Leech Lake, na sisiti. Ni mwendo wa saa tatu na kitu kutoka Minneapolis hadi Walker, mji ulio kando ya ziwa. Ziwa lenyewe lina zaidi ya ekari 100,000, na jirani yake kuna Winnibigoshish na Cass Lake. Karibu eneo lote la kabila la Leech Lake limo ndani ya mipaka ya Msitu wa Taifa wa Chippewa, na karibu nusu ya msitu imo ndani ya eneo la kabila. Vitu viwili vimelaliana.

Ungetarajia vurugu, lakini kwa mvuvi mgeni mambo ni mepesi kuliko mahali pengine pote katika orodha hii. Mwaka 1971 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba jimbo halina mamlaka ya kuwawekea Waojibwe wa Leech Lake sheria zake za uvuvi na uwindaji ndani ya eneo lao. Badala ya kuendelea kupigana, pande mbili zilikaa chini. Kabila likakubali kujiwekea mipaka, ikiwemo kutovua samaki wa michezo kwa biashara. Jimbo likakubali kulilipa kabila kiasi kinacholingana na asilimia 5 ya mapato ya leseni. Matokeo yake ni kwamba leseni yako ya kawaida ya Minnesota inatosha kuvua Leech Lake. Unaponunua leseni hata kwenye duka la vifaa mjini Bloomington, hesabu ya makubaliano hayo tayari imo.

Angalizo ni la nchi kavu. Katika miaka ya 1940 na 1950 ardhi ya watu wa Leech Lake ilihamishwa bila ridhaa yao ikaingizwa katika msitu wa taifa. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2020 iliagiza karibu ekari 11,760 zirudishwe kwa kabila. Hivyo ramani ya zamani uliyoazimwa na rafiki inaweza kukuonyesha msitu wa taifa mahali ambapo sasa ni ardhi ya kabila. Ukitaka kuwinda badala ya kuvua, piga simu ofisi ya msitu au ya kabila, zote ziko Cass Lake, uulize kipande hichohicho unachokilenga.

Kingine ambacho macho hayakioni ni kwamba maji ya Leech na Winnibigoshish yalipandishwa na mabwawa ya miaka ya 1880, yaliyojengwa kudhibiti mtiririko wa Mississippi kwa faida ya viwanda vya mbao na unga vya Minneapolis. Yalizamisha mashamba ya mpunga-mwitu na makaburi. Wazee wa pale hawajasahau, na mgeni anayelisifia ziwa kwa ukubwa wake afahamu hilo.

Red Lake: ziwa moja, wenyeji wawili

Hapa ndipo watu wanapoponzeka. Red Lake ni mabwawa mawili ya asili yaliyoungana, la Juu na la Chini. La Chini lote ni la Taifa la Red Lake. La Juu sehemu kubwa ni lao pia, na upande wa mashariki tu, kama ekari 48,000, uko chini ya jimbo. Mstari unapita majini, hauna ukuta wala uzio.

Red Lake si kama makabila mengine ya Minnesota. Mwaka 1889 serikali ilipokuja na mpango wa kukata ardhi za Waojibwe viwanja na kuuza vilivyobaki, wao walikubali kuachia eneo kubwa lakini walikataa kugawanyiwa viwanja. Ardhi iliyobaki imeendelea kuwa ya wote kwa pamoja hadi leo, na kuingia kwa asiye mwananchi wao ni kwa ruhusa yao. Leseni ya jimbo ndani ya mpaka huo ni karatasi tu.

Na si suala la kufukuzwa kwa maneno. Kuingia ardhi ya kabila bila idhini kwa ajili ya kuvua au kuwinda ni kosa chini ya sheria ya shirikisho: kuna faini, kifungo kinachoweza kufika siku 90, na unanyang'anywa ulichovua. Kwa mtu ambaye faili lake la uhamiaji bado liko mezani kwa afisa, hilo si jambo la kucheza nalo kwa sababu ya samaki wanne. Kama huna kifaa cha kuonyesha mahali ulipo, au hujui kukisoma, usivue karibu na mstari.

Nimeanza na ukali kwa sababu sifa za ziwa lenyewe humfanya mtu asahau. Katikati ya miaka ya 1990 ogaa wa Red Lake walikuwa wamekaribia kwisha. Pande zote mbili zilikuwa zimevua kupita kiasi. Mwaka 1997 kabila lilisimamisha uvuvi wake wa biashara, na mwaka 1999 jimbo likafunga upande wake na wakaandikiana makubaliano: hakuna ogaa wa kuvuliwa, mamilioni ya vifaranga wakapandwa, na walinzi wa pande zote wakasimamia. Ziwa lilifunguliwa tena 2006. Leo upande wa jimbo, kule Waskish, ni miongoni mwa sehemu zinazopendwa zaidi Minnesota kwa kuvua wakati wa baridi kupitia tundu la barafu.

Barafu ya Red Lake ya Juu huwahi kushika, kwa kuwa maji ni ya kina kifupi, lakini huwahi pia kukatika. Novemba 2022 watu kama 200 walijikuta juu ya pande la barafu lililojitenga na pwani. Desemba 2023 wakaokolewa wengine zaidi ya 100 kwa namna hiyohiyo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mjinga. Upepo ulibadilika. Idara ya maliasili ya jimbo hushauri angalau inchi 4 za barafu mpya, safi, kwa mtu anayetembea kwa miguu, na zaidi sana kwa gari. Usichukulie alama za matairi ya jana kuwa ushahidi. Kama hujawahi kuvua barafuni, lipia kibanda cha wenye kambi za pale, wao hupima kila asubuhi, na uende Januari, si Novemba.

Mille Lacs: karibu na mji, mbali na utulivu

Mille Lacs ni kama saa moja na nusu hadi mbili kutoka mjini, na kwa ukubwa lina ekari 132,000 hivi. Ungekuwa unachagua kwa mafuta ya gari peke yake, ungekwenda hapa. Mimi ningekwenda kwa ajili ya samaki aina ya paiki au besi, siyo kwa ogaa wa kujaza friza.

Sababu ni historia na baiolojia pamoja. Ziwa limo katika ardhi ya mkataba wa 1837. Jimbo lilidai haki za mkataba huo zilikufa mwaka 1850, Rais Zachary Taylor alipoamuru Waojibwe waondolewe. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Machi 1999, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikaamuliwa kwamba amri ile haikuwa na msingi wa kisheria na haki zingali hai. Tangu hapo jimbo na makabila manane, mawili ya Minnesota na sita ya Wisconsin, hukaa kila mwaka kupanga ni kiasi gani cha ogaa kinaweza kutolewa bila kuliumiza ziwa, kisha wakakigawana. Masika, barafu ikiyeyuka, makabila hutega nyavu na kuchoma kwa mikuki, na kila samaki huhesabiwa palepale kando ya maji.

Ukikaa kwenye baa za ukingoni utaambiwa nyavu ndizo zilizomaliza samaki. Wataalamu wanaeleza mambo mengine: maji yamekuwa maangavu kupita yalivyokuwa, chaza wadogo wageni waliogunduliwa ziwani mwaka 2005 wamebadilisha chakula cha majini, na ogaa wachanga hawafiki utu uzima kwa wingi kama zamani. Agosti 2015 jimbo lilifunga uvuvi wa ogaa kwa wenye leseni kabla ya msimu kwisha, kwa sababu fungu lao lilikuwa limejaa. Mwaka uliofuata kila ogaa alitakiwa kurudishwa majini. Tangu hapo idadi na urefu unaoruhusiwa vimekuwa vikibadilika, wakati mwingine katikati ya kiangazi. Asubuhi ya safari fungua tovuti ya jimbo uangalie kanuni za siku hiyo, siyo za mwaka jana.

Katika maziwa yenye kanuni za urefu, samaki akaguliwe akiwa mzima, kichwa na mkia vikiwepo. Wenzetu wa hapa hulalamika kwa kuwa wanapenda minofu. Sisi tunaopigania kichwa kwenye mchuzi wa nazi, sheria iko upande wetu.

Boundary Waters: kwa wanaotaka kutoka jasho

Hii ni sehemu ya Msitu wa Taifa wa Superior, mpakani na Kanada: zaidi ya ekari milioni moja, maziwa zaidi ya elfu moja, na mitumbwi unayoibeba mabegani kutoka ziwa hadi ziwa. Sehemu kubwa ya maji hayo injini ya boti hairuhusiwi. Kundi halizidi watu 9 na vyombo 4. Chupa za glasi na makopo ya vyakula hayaingii. Chakula lazima kitundikwe juu ya mti au kifungiwe ndani ya chombo ambacho dubu hawezi kukifungua. Ukitaka kulala kati ya Mei 1 na Septemba 30, vibali ni vya idadi maalum kwa kila mlango wa kuingilia.

Karibu msitu wote huo uko katika ardhi ya mkataba wa 1854, na Waojibwe wa Grand Portage, Bois Forte na Fond du Lac wana haki zao humo. Grand Portage na Bois Forte wana makubaliano na jimbo tangu 1988, yanayofanana kidogo na ya Leech Lake. Fond du Lac walijitoa mwaka 1989 na wanasimamia yao wenyewe. Kwa mvuvi mgeni tofauti hiyo haionekani sana: leseni ya jimbo, kibali cha msitu, basi.

Inaonekana kwa mooz, kulungu mkubwa kuliko wote duniani, mwenye pembe pana kama sinia la biriani. Mwaka 2006 kaskazini-mashariki mwa Minnesota walikadiriwa kuwa karibu 8,800. Siku hizi wanazunguka 4,000. Kupe wa majira ya baridi na minyoo ya ubongo inayoletwa na kulungu wa kawaida wametajwa sana. Jimbo lilisimamisha uwindaji wake mwaka 2013 na halijaufungua tena. Makabila yamekuwa na uwindaji mdogo wa madume kwa ajili ya chakula cha familia na sherehe. Ukimwona mtu na nyama ya mooz barabarani karibu na Grand Portage, usishike simu kumripoti.

Je, hapa pafaa kwa watoto? Kwa wenye miaka kumi na kuendelea wanaojua kuogelea, ndiyo. Kwa mtoto wa kubebwa, hapana; utakuwa umebeba mtumbwi na mtoto.

Ukitaka kuwinda

Kwa bunduki ninapunguza orodha hadi mbili: msitu wa Chippewa nje ya vipande vya kabila, na msitu wa Superior nje ya Boundary Waters. Ndege wa kuanzia ni kwale wa msituni, msimu wake hufunguliwa katikati ya Septemba, na njia za miguu zilizokatwa kwa ajili ya wawindaji zipo. Kulungu ni wa Novemba, na nguo ya rangi kali, ya machungwa au waridi, si hiari. Aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979 anahitaji cheti cha mafunzo ya usalama wa bunduki kabla ya kuuziwa leseni.

Wanafunzi na wengine walio kwa viza za muda: sheria ya shirikisho inawakataza kushika bunduki, ila kuna msamaha kwa mwenye leseni halali ya uwindaji. Msamaha huo ni mwembamba. Ongea na mwanasheria kabla hujashika hata ya kuazima. Na kwa Waislamu, nyama ya risasi ina masharti yake. Muulize sheikh wako mapema. Samaki hana mjadala.

Vitu vidogo vinavyogharimu

Leseni ya bei ya mkazi unaipata ukiwa umeishi Minnesota kwa siku 60. Watoto wakazi walio chini ya miaka 16 hawahitaji leseni ya kuvua. Mkazi anayevua akiwa amesimama ukingoni ndani ya hifadhi ya jimbo kwa kawaida hahitaji pia, kwa hiyo ukitaka kujaribu bila gharama nenda Itasca, mahali Mississippi inapoanzia, ukamate visamaki bapa vinavyopenda mnyoo. Ukitoa boti majini, chomoa kizibo cha chini na uache maji yatoke kabla ya kuingia barabarani. Ni sheria, na imewekwa kuzuia kuenea kwa chaza kama wale wa Mille Lacs. Ogaa na paiki wakubwa hukusanya zebaki mwilini, basi mjamzito na watoto wale samaki wadogo tu, tena kwa nadra.

Mpunga-mwitu, manoomin kwa Kiojibwe, huvunwa mwishoni mwa Agosti na Septemba. Watu wawili mtumbwini: mmoja anasukuma kwa mti mrefu, mwingine anainamisha mabua kwa kijiti kimoja na kuyagonga taratibu kwa kingine, punje zinaanguka ndani na zilizobaki zinaachiwa ziive. Nje ya maeneo ya makabila mkazi anaweza kununua leseni ya jimbo na kuvuna. Ndani ya mipaka ya kabila, huo ni wa wenyewe. Nunua wa kwao, uliokaushwa kwa moto wa kuni. Uko barabarani Cass Lake.

Wisconsin naitaja kwa haraka, kwa kuwa leseni ya mgeni ni ghali. Kaskazini mwake, katika ardhi za mikataba, kikomo kimekuwa ogaa 3 kwa siku tangu 2015. Utulivu wa sasa haukuja bure: baada ya hukumu ya 1983 iliyothibitisha haki za Waojibwe, makundi ya wazungu yalikuwa yakijazana kwenye gati usiku wa masika, yakirusha mawe na matusi kwa wavuvi wa mikuki, hadi 1991 mahakama ilipowazuia.

Kwa hiyo: familia yenye watoto wadogo, Leech Lake mwezi Juni. Vijana wenye mabega, Boundary Waters mwezi Agosti, mbu wakiwa wamepungua. Vibali huanza kugombewa mwishoni mwa Januari, na milango maarufu karibu na mji wa Ely hujaa mapema. Barafu, Waskish pamoja na mwenye kambi. Mille Lacs, siku ambayo una Jumamosi moja tu na hujali ukirudi bila ogaa.